Kidole Gumba cha Mstari wa Nne

Makosa ya hesabu niliyofanya maishani ni mengi, na mengi nimeyasahau. Hili moja halisahauliki, kwa sababu lilikuwa la shilingi kumi na tisa tu na nusura limpandishe mtu kwenye lori la kwenda kizuizini. Na kiburi nilichokuwa nacho wakati ule! Niseme ukweli: katika mji wote wa Meru, miaka ile ya Hali ya Hatari, sidhani kulikuwa na msichana aliyejiona kama mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, kalamu mbili, moja ya wino mweusi na moja ya mwekundu, na madaftari ambayo hayajawahi kupoteza hata senti.

Baba alikuwa na bucha mjini, na nyuma ya nyumba yetu alikuwa na banda la ngozi. Wafanyakazi kumi na wanne walipara nyama na mafuta kwenye ngozi mbichi, wakaziwamba kwa kamba kwenye fremu za miti, wakazianika kivulini mpaka zikauke vizuri za kuuzwa. Baba alisoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, alizofundishwa utotoni kwenye chuo cha Kurani. Za Kizungu hakuzijua, na serikali ilitaka vitabu vyake viandikwe kwa hizo za Kizungu. Mimi nilisoma hadi darasa la sita. Basi nikawa karani wake, ila nje ya ua wetu hakuna aliyejua. Watu waliamini kwamba yale maandishi mazuri ni ya baba, na baba hakuwakosoa.

Bandani sikuruhusiwa kukanyaga. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ua, na ubao wake uliinuliwa shibiri moja tu, wala si zaidi. Kwa hiyo wafanyakazi sikuwajua kwa nyuso. Niliwajua kwa majina aliyonitajia mnyapara kila jioni, na kwa mikono iliyoingia chini ya ubao siku ya malipo kupiga kidole gumba kwenye daftari. Ukinionyesha mkono ningekuambia ni wa nani. Ukinionyesha mwenyewe sokoni, ningempita kama mgeni.

Malipo yalikuwa kwa tikiti, na hapo lazima nieleze kidogo. Tikiti ilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Mtu akifanya kazi siku moja, mnyapara anapiga mkwaju, yaani kistari cha mshazari, kwenye chumba kimoja. Asipokuja, chumba kinamngoja. Vyumba vikijaa thelathini, hata kama vimechukua miezi miwili kujaa, mtu analipwa shilingi thelathini na posho yake ya unga, anapewa kadi nyingine, na ile iliyojaa baba anaichana na kuitia jikoni ili mtu asije akaileta mara ya pili. Mimi nami nilikuwa na daftari langu la siku, ili kadi na daftari visemezane. "Mali bila daftari hupotea bila habari," baba alipenda kusema, na kila aliposema nilikaa wima zaidi kwenye kigoda changu.

Kila mwisho wa mwezi tulipeleka orodha kwa afisa wa serikali. Wakati ule Mmeru au Mwembu hakuweza kutembea bila pasi, na tajiri mwenye kazi alitakiwa kueleza kila mfanyakazi yuko wapi. Karatasi ya orodha ilikubali maneno matatu tu mbele ya jina: yupo, mgonjwa, ametoroka. La tatu kila mtu alijua maana yake. Mtu aliyetoroka kazini alihesabiwa kuwa ameingia msituni kwa wapiganaji.

Sasa, yule wa mstari wa nne. Alikuwa mwambaji hodari kuliko wawambaji wote; ngozi aliyoiwamba yeye haikukunjamana wala kuoza kona. Nilijua kwao ni upande wa Githongo. Nilijua pia kwamba kidole gumba chake cha kulia kilikatwa na kisu zamani, kovu likapita mshazari, hivyo alama yake daftarini ilikuwa na mstari mweupe katikati, kama kichochoro kati ya nyumba. Jioni moja, msimu wa mvua, mnyapara aliponitajia majina aliruka lake.

"Na wa nne?"

"Hayuko."

"Anaumwa?"

"Hayuko, mwari." Mwari ni binti kwa Kimeru, na ndivyo alivyoniita siku zote, kwa upole.

"Basi ameenda wapi?"

"Mimi nasema hayuko. Wewe andika vile nasema."

Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na wiki nzima. Mvua ikanyesha, ngozi zikakosa mwambaji, tano zikaoza na kututolea uvundo hadi chumbani. Mwisho wa mwezi ulipofika, baba alikuwa safarini kununua ngozi, na mimi nilikuwa nimefura kwa hasira. Mtu anawezaje kuondoka akiwa na siku kumi na tisa kwenye tikiti, bila kuaga, na kutuachia hasara! Nikachukua kalamu nyekundu. Kwenye daftari langu na kwenye orodha ya serikali, mbele ya jina lake, nikaandika: ametoroka. Nikaikunja orodha, nikamtuma mnyapara aipeleke. Hakujua kusoma.

Nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa akichambua mchele mlangoni. "Mbona unaandika kwa kishindo hivyo? Hasira hasara, mjukuu wangu." Nikamwambia hesabu haina hasira. Mungu anisamehe kwa ule ubishi.

Baada ya wiki sita hivi mnyapara akaniletea jina jipya.

"Ni mtu mpya?" nikauliza.

"Ni mtu mpya," akasema, bila hata kupepesa.

Nikamfungulia mstari wa kumi na tano, nikaandika tikiti mpya safi, nikamkabidhi mnyapara. Kila jioni nikampigia yule mgeni siku yake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Sikuwa na wasiwasi wowote.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi, baba alipanda lori kwenda Runyenjes kununua ngozi. Alikuwa na haraka, dereva akipiga honi. Nilimsikia uani akihesabu hela na kucheka na mtu, kisha akanirushia kopo la fedha dirishani. "Nimelipa mmoja, karatasi imo ndani," akasema, na lori likaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya baba iliyonitia kichaa: kulipa uani, nje ya dirisha langu, halafu kuniachia kikaratasi.

Nikamwaga fedha mezani, nikahesabu. Zilipungua thelathini. Sawa, amelipa tikiti moja. Lakini daftari langu lilisema asubuhi ile hapakuwa na tikiti iliyojaa! Nikafunua kikaratasi. Kwa herufi za Kiarabu baba alikuwa ameandika jina la yule mgeni, na chini yake, shilingi thelathini, na chini kabisa alama ya kidole gumba.

Mgeni! Mtu wa siku kumi na moja! Kumi na tisa za bure!

Nilipiga ubao wa dirisha hadi kuku wakatawanyika. Mnyapara akaja, kofia mkononi.

"Huyu mtu wako amelipwa thelathini kwa siku kumi na moja," nikasema. "Umempigia baba tikiti ya uongo. Mmegawana ngapi?"

Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, ameanza kazi kwetu kabla sijazaliwa. Aliniangalia mkono, maana nilichoonyesha ni mkono tu.

"Mwari, mimi sijaiba. Huyu mtu amemaliza tikiti. Siku iko thelathini, mimi mwenyewe nimepiga."

"Daftari linasema kumi na moja."

"Basi hiyo daftari yako haijui mambo."

"Nieleze basi, lijue!"

Nikamwona anaminya kofia. "Kuna mambo mtu hawezi kusema," akasema. "Na kwa msichana, zaidi. Uliza hiyo karatasi."

Niliuliza karatasi kwa kejeli tu, nikaisogeza kwenye mwanga. Ndipo nikaiona. Alama ya kidole ilikuwa na mstari mweupe umepita mshazari.

Nikafungua daftari la mishahara, nikarudi nyuma kurasa mbili, tatu, kidole changu kikishuka: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Kichochoro kile kile! Upana ule ule, mshazari ule ule, na kipande kidogo kilichokosekana pembeni. Nikatazama siku zake ambazo hazijalipwa. Kumi na tisa. Kumi na tisa na kumi na moja!

Nilipiga yowe. Nilisimama nikazunguka chumbani nikiwa nimekumbatia daftari, na nyanya akaja mbio akidhani nimeng'atwa na nge. "Ni mtu mmoja!" nikamwambia. "Nyanya, mistari miwili, mtu mmoja! Fedha haikupotea, hesabu imekaa!" Nani atanielewa? Aliyewahi kutafuta senti iliyopotea kisha akaiona inamchekea pale pale, huyo ataelewa. Raha yake sijaipata arusini wala Idi.

Mnyapara, aliposikia nimegundua mwenyewe, alishusha pumzi ndefu. Sasa aliweza kusema. Kijana alikuwa ameenda kutahiriwa. Kwao mwiji, yaani mvulana, akitahiriwa hupewa jina jipya, na lile la utoto linaachwa huko huko. Kumwita nalo mwanamume mzima ni tusi kubwa. Kuna wazee wanaotoza mbuzi kwa hilo. Mnyapara hangeweza kulitamka aniambie kwamba huyu ndiye yule. Mambo ya tohara nayo hayasimuliwi kwa wasichana. Baba alijua yote, maana kijana alimuaga, ila alisahau kuniambia. Mnyapara akatoa kitu mfukoni mwa koti: ile tikiti mpya niliyoiandika kwa jina jipya. Haikuwa na mkwaju hata mmoja. Aliendelea kupiga kwenye kadi ya zamani mpaka ikajaa, baba akaihesabu vyumba, akalipa, akaichoma. Kila mtu alikuwa amefanya haki. Aliyekosea ni mimi.

Nilikuwa bado nacheka macho yalipoanguka kwenye lile neno jekundu.

"Sasa hivi yuko wapi?" nikauliza.

"Ameenda Makutano na mkokoteni, kuleta chumvi."

Kabla sijajibu, mwenzake waliyeondoka pamoja akaingia uani akihema, bila mkokoteni. Kulikuwa na msako Makutano. Wanajeshi na homugadi, wale askari wenyeji wa serikali, wamefunga barabara, wanaume wote wameketishwa chini. Yeye pasi yake ilikuwa sawa, wakamwachia. Mwenzake aliulizwa jina akataja jipya, pasi ikawa na la zamani, wakaangalia orodha, na la zamani limeandikwa ametoroka. Mfukoni wakamkuta na shilingi thelathini. Wanasema anazipeleka msituni. Lori linaondoka saa sita.

Ilikuwa saa nne na nusu. Baba yuko Runyenjes, hawezi kurudi kabla ya kesho. Sitasahau namna mnyapara alivyonitazama kupitia ule upenyo. Hakunilaumu. Ilikuwa afadhali angenilaumu.

"Nyanya," nikasema, "niazime buibui lako zito."

"La nini?"

"Nakwenda Makutano."

Nilidhani atanikatalia. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono. "Huendi peke yako. Na hicho kijaluba cha wino nitabeba mimi, wewe utakimwaga."

Tukatoka hivyo: mimi na madaftari kifuani chini ya buibui, nyanya na kijaluba cha wino, na mnyapara mbele yetu na tikiti yake tupu, akijua fika kwamba naye anaweza kuketishwa chini. Nilikuwa naogopa, lakini pia, na hili sijawahi kumwambia mtu, nilikuwa na furaha ya ajabu. Miguu ilikwenda yenyewe. Mara ya kwanza maishani nilikuwa natembea barabarani nikiwa na kazi yangu mwenyewe, kosa langu mwenyewe, na jibu lake kwapani! Nyanya aliyekuwa akilalamika goti mwezi mzima alinipita mara mbili.

Makutano maduka yalikuwa yamefungwa milango nusu. Watu kama thelathini walikuwa wamechuchumaa kando ya barabara, mikono kichwani, na lori limewageuzia mgongo wake wazi. Wanawake waliokuja sokoni walisimama upande wa pili. Nikaitazama ile safu ya nyuso, nikagundua kwamba simjui. Mtu niliyemwandika mwaka mzima, simjui! Basi nikaacha nyuso, nikatafuta mikono. Vidole gumba sitini, juu ya vichwa thelathini. Wa tatu kutoka mwisho, kichwa kilichonyolewa, alikuwa na kovu. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomwazia, na alitazama mbele tu.

Mezani, chini ya turubai, alikaa afisa Mzungu na karani wake, Mmeru aliyevaa tai na miwani. Homugadi akatuzuia. Nyanya akamwuliza kama mama yake alimfundisha kuwazuia wazee, akasogea.

"Shikamoo," nikamwambia karani. "Nimeleta marekebisho ya orodha."

"Orodha gani, binti?"

"Ya banda la ngozi. Mstari wa nne. Yule kijana hakutoroka. Mmeandikiwa makosa."

Akaitafuta karatasi, akaisoma, akanisogelea na kusema polepole kwa sauti ya chini: "Mimi najua habari yake tangu alipotaja jina. Mimi pia ni mtu wa huku. Lakini huyu bwana hataki nijue. Anataka niandike. Nitaandika nini?"

Maneno hayo yalinifurahisha kama zawadi. Hapo nilikuwa nyumbani! Nikafungua madaftari juu ya meza, mbele ya Mzungu, kana kwamba ni chumbani kwangu.

"Hapa, jina la zamani, siku kumi na tisa, hazijalipwa. Hapa, jina jipya, siku kumi na moja. Hii ni tikiti niliyotoa kwa jina jipya, tazama, haina alama, kwa sababu hapakuwa na mtu mpya, ilikuwa ni kadi ile ile inaendelea. Jumlisha."

Midomo ya karani ikacheza. "Thelathini."

"Na mfukoni mwake mmekuta ngapi?"

"Thelathini."

"Ndiyo mshahara wake wa leo asubuhi. Hii hapa karatasi ya baba yangu."

Karani akamtafsiria afisa. Afisa akakitazama kikaratasi chenye herufi za Kiarabu, akakigeuza juu chini, akakirudisha. Kisha akaelekeza fimbo yake kwa kijana, naye akasimamishwa, akaletwa.

"Yeye seme jina yake ya zamani," afisa akasema kwa Kiswahili chake. "Kama hii jina na hii jina ni mtu moja, yeye seme."

Ng'ambo ya barabara walisimama wanawake wa kwao, na kwenye ile safu walichuchumaa vijana waliotahiriwa naye msimu mmoja.

"Sema," karani akamnong'oneza. "Mara moja tu."

"Huyo mtu hayuko," kijana akasema.

"Umesikia? Hayuko!" akasema afisa. "Lori."

Homugadi wawili wakamshika mabega. Hakujivuta wala kujitetea. Nikaelewa, kwa namna ambayo mnyapara hakuweza kunieleza, kwamba angepanda lile lori na kukaa kizuizini miaka, kuliko kulitamka lile jina. Na mimi ndiye niliyeandika mbele yake kwa wino mwekundu.

"Msimwulize jina!" Sauti ilinitoka juu hivi kwamba hata nyanya alishtuka. "Kiulizeni kidole! Jina linabadilika, kidole hakibadiliki. Nyanya, wino!"

Nyanya alikuwa ameshafungua kijaluba. Karani, bila kungoja ruhusa, akakichukua kidole gumba cha kijana, akakichovya, akakigandamiza pembeni mwa orodha ya serikali, mstari wa nne. Kisha akaweka kando kando kikaratasi cha baba, na daftari langu ukurasa wa mwaka uliopita. Vichochoro vitatu, vyote mshazari mmoja. Afisa akainama. Akatazama muda mrefu hadi nikahesabu nzi watatu juu ya meza. Hakuna aliyelitamka lile jina. Nilikuwa nimelifunika kwa kiganja.

"Nani andika hii kitabu?" akauliza.

Nilikuwa nimezoea kusema ni baba. "Mimi."

"Na hii 'ametoroka'?"

"Mimi."

"Kwa hiyo makosa ya wewe."

"Ndiyo, bwana. Makosa ya mimi."

Karani akakohoa ili asicheke. Afisa akanisukumia orodha na kalamu. Nikafanya kama hesabu inavyotaka: hufuti, hukwangui, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaandika lililo sahihi juu yake, unatia jina lako. Niliandika: Alikuwa likizo. Yupo. Kosa la karani. Nikatia sahihi yangu mbele ya Makutano nzima.

Wakamwachia. Shilingi zake karani alizihesabu mezani moja moja mpaka zikafika thelathini. Kijana alipita mbele yetu bila kunitazama, akakamata mikono ya mkokoteni wake, akaenda kupakia chumvi. Nyanya akasema hata asante hajui. Mnyapara akacheka mpaka akatoa leso. "Mama mzee, atashukuru nani? Nyinyi ndio mliandika."

Wengine wa ile safu walibaki wamechuchumaa. Saa sita lori liliondoka nao, na furaha yangu yote njia ya kurudi ilikuwa na hilo ndani yake.

Baba aliporudi kesho yake habari zilikuwa zimemtangulia. Niliingoja bakora. Alikaa kwenye kigoda changu, akayageuza madaftari asiyoweza kuyasoma, akaniambia nimemtia aibu kutembea barabarani na vitabu vyake. Halafu akasema kuanzia siku ile hatalipa mtu uani tena. Na kweli, hakulipa tena.

Kijana alijaza tikiti yake iliyofuata bila kukosa hata siku moja. Siku ya malipo, mkono wenye kovu ukaingia chini ya ubao, ukapiga kidole mstari wa kumi na tano, ukapokea hela. Haukutoka. Nikasikia sauti yake ikinisemesha kwa mara ya kwanza.

"Yule mwiji wa mstari ya nne. Aliacha deni yoyote hapa?"

"Hakuacha. Amelipwa zote."

"Basi mfunge."

Nikachukua rula, nikachora mistari miwili chini ya lile jina, jinsi hesabu iliyokwisha inavyofungwa. Alisikia kalamu ikipita. Bado mkono ulikuwa pale.

"Na ile nyekundu?"

Kwenye daftari langu lile neno lilikuwa bado lipo, limepigwa mstari mmoja, linasomeka wazi. Nikageuza daftari, nikalisogeza chini ya ubao, nikalionyesha kwa kidole. Akachovya gumba lake kwenye wino tena, kwa wingi, akaliweka juu ya neno, akaligandamiza polepole, mpaka herufi zote zikazama. Kanuni ya hesabu inakataza kabisa kufanya hivyo. Mimi mwenyewe ningemkaripia mtu yeyote. Nilishikilia daftari lisiteleze.

Jioni baba alipitia kurasa kama alivyozoea, akakutana na lile doa. Akaniuliza ni nani amechafua daftari lake. Nikamwambia halijachafuka.